Silsila Iliyokatika

Mazungumzo yangu ya jioni hii yanahusu jambo lililotukia mbali sana na pwani yetu, katika msitu wa mikalitusi ulio kusini ya mji wa Perth, Australia ya Magharibi, mahali paitwapo Serpentine, ambako Alhamisi ya tarehe 22 Oktoba mwaka 2009 wanawake wanne waliokwisha kunyoa vichwa na kuishi katika zuhudi kwa miaka mingi walipiga magoti mbele ya jamaa ya watawa, wakaulizwa maswali ya kale ambayo nitayaeleza baadaye, wakayajibu moja baada ya moja, na walipoinuka walikuwa mabikhuni, yaani watawa wa kike wenye daraja kamili katika madhehebu ya Theravada, ambayo ndiyo madhehebu ya Wabuddha wa Sri Lanka, Burma, Thailand, Kambodia na Laos. Hapakumwagika damu wala hapakuchomwa nyumba. Walakini siku kumi baadaye mkuu wa monasteri iliyo pale, Mwingereza ajulikanaye kwa jina la Ajahn Brahm, aliketi mbele ya majilisi ya wazee wake huko Ubon, kaskazini mashariki ya Thailand, akatakiwa akiri kwamba tendo lile lilikuwa batili, naye akakataa. Na kwa kukataa huko monasteri yake ikafutwa katika orodha ya matawi ya Wat Pah Pong, nyumba ya mwalimu wake mwenyewe, aliyemlea katika utawa kwa miaka tisa.

Nimeona ni vema kulizungumza jambo hili kwa utuvu, kwa sababu lilipovuma lilisimuliwa kama ugomvi wa kawaida wa zama zetu, wanawake wakidai haki na wazee wakizuia, na msimulizi akishasema hivyo huona amekwisha kazi yake. Mimi si Mbuddha, na sina haja ya kumtetea mtu ambaye hakuniomba utetezi. Lakini yeyote aliyekulia katika nchi ambayo elimu ya dini hupokewa mdomoni mwa mwalimu, naye mwalimu kaipokea kwa wake, ataona upesi kwamba ugomvi wa Perth una mzizi mrefu kuliko habari za gazeti, na kwamba kisa chake ni kisa cha silsila: nani aliipokea kwa nani, ilikatika wapi, na ikikatika ni nani aliye na ruhusa ya kuiunga.

Huyu Ajahn Brahm alizaliwa London mwaka 1951, akaitwa Peter Betts, akapata ufadhili wa kwenda Cambridge, na huko akasoma fizikia ya nadharia. Alifundisha shule muda wa mwaka mmoja, kisha akasafiri hadi Bangkok, ambako akiwa na umri wa miaka 23 alivaa joho katika hekalu la Wat Saket, akaingia msituni kwa Ajahn Chah, mtoto wa wakulima wa mpunga aliyeanzisha Wat Pah Pong mwaka 1954 na ambaye sifa yake iliwavuta vijana wa Ulaya na Marekani wengi kiasi cha kuwajengea nyumba yao maalumu. Mwaka 1983 alikwenda Perth kusaidia kuanzisha monasteri mpya. Ardhi ilipokwisha nunuliwa fedha ya kuwalipa mafundi haikubaki, basi watawa wakajifunza uashi wenyewe, na humo ndimo kilimozaliwa kile kisa chake ambacho amekisimulia dunia nzima, cha ukuta alioujenga akaona matofali mawili yamekwenda upande, akamwendea mkuu wake kuomba ruhusa aubomoe wote na kuanza upya. Wapenzi wake hukipenda kisa hiki kwa ajili ya mafunzo yaliyomo mwishoni. Mimi kilichonivutia ni mwanzo wake, maana unatuonyesha mtu asiyestahamili kazi iliyopinda, na jambo hilo lafaa kukumbukwa tutakapofika kwenye shutuma kwamba alifanya mzaha na sharia.

Ni vigumu kuelewa kwa nini daraja ya utawa iligombewa hivi bila kwanza kuyatazama maisha ambayo daraja hiyo huyafungulia mlango. Bikhu wa msituni, yaani mtawa wa kiume, ana vitu vinane: majoho matatu, bakuli, wembe, sindano, mshipi, na kitambaa cha kuchujia maji asije akameza viumbe vidogo. Bakuli lake ni la chuma, limechomwa likawa jeusi lisishike kutu, lina kifuniko na mkoba wa kulitundika begani. Alfajiri, mara tu kunapopambazuka kiasi cha mtu kuweza kuona mistari ya kiganja chake, hutoka peku, kimya, macho yameinamia njia, akapita mbele ya nyumba za watu bila kupiga hodi na bila kuomba, maana kuomba kumekatazwa. Mwenye kutaka humtilia konzi ya wali, mwingine ndizi, mwingine kipande cha samaki, na vyote hukutana humo humo bakulini. Katika nyumba za Ajahn Chah huliwa mara moja tu, kabla ya adhuhuri, na kilichobaki hakiwekwi mpaka kesho. Bikhu hashiki fedha, hajipikii, hachimbi ardhi, wala hakati mti. Kanuni zake ni 227, na kila mwezi mara mbili, mwezi unapoandama na unapopevuka, jamaa yote huketi pamoja, kila mtu akiisha kuungama makosa yake kwa mwenzake, na mmoja wao huzisoma zote kwa ghaibu toka mwanzo hadi mwisho huku wengine wakimsikiliza asije akakosea.

Asikiaye haya kwa mara ya kwanza huona ni mateso matupu, na Ajahn Brahm amekuwa akishikilia kwa muda wa miaka mingi, kwa mizaha yake ya Kiingereza ambayo si kila mtu anaiona ya kuchekesha, kwamba ni kinyume chake, kwamba furaha aliyoipata katika kuacha haikupatikana katika kukusanya. Mimi sina uwezo wa kulithibitisha hilo. Ninachoweza kukisema ni kwamba kanuni zile zimepangwa kwa hekima ambayo haionekani upesi: mtu asiyeruhusiwa kuweka chakula cha kesho hawezi kujifungia pangoni akawasahau watu, maana siku moja tu wasipomtilia analala na njaa, na watu nao, kwa kuwa wanamwona kila asubuhi mlangoni pao, huwa ndio wakaguzi wake. Akiishi ovyo, bakuli hurudi jepesi. Mfalme anaweza kumpa bikhu cheo, na majilisi ya wazee yanaweza kumfuta katika orodha, lakini anayemweka hai ni mama mmoja mwenye sufuria ya wali.

Kumbukeni pia jinsi wanavyoketi. Hawapangwi kwa umri wa kuzaliwa, wala kwa elimu, wala kwa ukoo. Hupangwa kwa saa waliyopokea daraja, na vitabu vyao vimeagiza kwamba daraja ikiisha kutolewa kivuli kipimwe pale pale, ili ijulikane nani ametangulia na nani amefuata, hata kama baina yao ni kitambo kidogo tu. Aliyetangulia hutolewa heshima, hutangulia katika mstari wa bakuli, huketi juu. Kwa hiyo asiye na daraja hana mahali katika mstari.

Sasa mfikirieni mwanamke wa Thailand aliyevutwa na maisha hayo hayo. Njia iliyo wazi kwake ni ya kuwa mae chi: hunyoa kichwa, huvaa nguo nyeupe, hushika amri nane, ambazo Mbuddha yeyote mshika dini wa kawaida huzishika siku za ibada, na aghalabu hukaa katika ua wa hekalu la wanaume, akifagia na kupika chakula cha mabikhu, wala kwa kawaida hatoki na bakuli. Serikali yenyewe haijakata shauri ni mtu gani: siku ya uchaguzi huhesabiwa miongoni mwa watu wa dini, ambao hawaruhusiwi kupiga kura, lakini akipanda basi huwa raia kama raia wengine, atoe nauli yake kamili, ilhali bikhu aliyeketi mbele yake amepunguziwa. Ametwikwa uzito wa utawa, akanyimwa kile kinachouwezesha. Hapa ndipo ninapowalaumu wale wasemao kwamba daraja ni cheo cha dunia tu, na kwamba mtawa wa kweli, awe mume au mke, hana haja nacho. Kauli hiyo inapendeza masikioni, nami nimeona kwamba hutoka zaidi katika vinywa vya wale waliokwisha kukipata.

Mwanzo wa habari yote ni mwanamke mmoja. Mama yake Buddha, aitwaye Maya, alikufa siku saba baada ya kumzaa, na mtoto akanyonyeshwa na kulelewa na mama yake mdogo, Mahapajapati Gotami. Miaka mingi baadaye, mtoto yule alipokuwa amekwisha kuwa mwalimu mwenye wafuasi, mama huyu alimwendea huko Kapilavatthu akamwomba ruhusa wanawake nao waingie utawani. Akamwomba mara tatu, akakataliwa mara tatu. Buddha akaondoka akaenda zake Vesali. Mama hakurudi nyumbani. Alikata nywele, akavaa joho, akamfuata kwa miguu pamoja na wanawake wengi wa ukoo wao, na alipofika alisimama nje ya mlango, miguu imevimba, mwili umejaa vumbi, machozi yanamtoka. Ananda, mwandani wa Buddha, akamkuta pale, akamwuliza kisa, akaingia kumwombea; naye pia akakataliwa mara tatu. Ndipo Ananda akabadili swali. Aliuliza kama mwanamke aliyeacha nyumba yake akashika utawa anaweza kuyafikia matunda yake, hadi ukombozi wenyewe. Jibu likawa kwamba anaweza. Basi Ananda akamkumbusha kwamba mama huyu ndiye aliyemnyonyesha, na mlango ukafunguliwa, lakini kwa masharti manane mazito, la kwanza likiwa kwamba bikhuni aliyekaa utawani miaka mia ainuke na kumtolea heshima bikhu aliyepokea daraja siku ile ile.

Wanaokitumia kisa hiki dhidi ya wanawake hukaa sana katika yale masharti na kulipita upesi lile jibu. Hukaa kimya pia juu ya kipande kinachofuata, ambacho kwangu ndicho chenye utamu zaidi: kwamba Mahapajapati, akiisha kuyakubali masharti yote, alirudi baadaye kumwomba Buddha kwa mdomo wa Ananda sharti lile la kwanza lilegezwe, heshima itolewe kwa kutangulia na kufuata bila kutazama mume wala mke. Alikataliwa, lakini alikwisha kuomba, na vitabu vimelihifadhi ombi lake. Wapo wanazuoni wa Kibuddha wa siku hizi, kama vile bikhu wa Kijerumani Analayo, ambao wamezilinganisha nakala za Kipali na za Kichina za kisa hiki, wakaona tofauti nyingi kiasi cha kutilia shaka kama yote yalisemwa namna hiyo. Hilo tuwaachie wao.

Katika yale masharti manane mna moja ambalo ndilo fundo la mambo ya Perth: kwamba mwanamke, baada ya kufundishwa miaka miwili, apokee daraja katika majilisi mawili, la mabikhuni kwanza na la mabikhu baadaye. Lakini bikhuni wa mwanzo kabisa hawakuwa na bikhuni wengine wa kuwapokea, basi mabikhu waliamriwa wawapokee peke yao, na amri hiyo imeandikwa. Kisha likaja tatizo ambalo mtu hawezi kulisoma bila kutabasamu. Kabla ya daraja kutolewa, mtaka utawa huulizwa kama ana maradhi fulani fulani, kama ana deni, kama ni mtumishi wa mfalme aliyetoroka, kama wazazi wamemridhia. Na mwanamke huulizwa zaidi ya hayo maswali ya siri za maumbile yake. Wanawake walipoulizwa hayo mbele ya wanaume waliona haya, wakafadhaika, wakashindwa kujibu. Ndipo ikaamriwa waulizwe kwanza na wanawake wenzao. Kwa hiyo utaratibu huu wa majilisi mawili, ambao karne nyingi baadaye ulikuwa kufuli ya kuwafungia wanawake nje, uliwekwa hapo asili ili kuwasitiri.

Watu wa pwani hawatahitaji kuelezwa kwa urefu umuhimu wa silsila. Mwalimu wa chuoni au khalifa wa tarika hutakiwa aseme ijaza yake kaipata kwa nani, na huyo kwa nani, hadi juu kabisa, na kiungo kimoja kikikosekana mlolongo wote hutiliwa shaka hata kama mwenyewe ni mwema na mjuzi. Ndivyo ilivyo daraja ya utawa wa Kibuddha. Na silsila ya wanawake, kwa namna ya kushangaza, ilisafiri kwa bahari. Katika karne ya tatu kabla ya Masihi, mfalme Ashoka wa Bara Hindi alimpeleka mwanawe Mahinda katika kisiwa cha Ceylon, ndiyo Sri Lanka ya leo, kueneza dini. Malkia Anula wa kisiwani alipotaka kuingia utawani pamoja na wanawake wake, Mahinda alisema yeye hana uwezo wa kuwapokea, atumwe mtu akamlete dada yake. Akaja Sanghamitta, pamoja na bikhuni wenziwe na tawi la mti ambao Buddha alipata nuru chini yake, tawi lililopandwa Anuradhapura na ambalo mti wake ungali unatunzwa hadi leo. Karne saba baadaye silsila hiyo ikapanda chombo tena. Nahodha mmoja, Nandi kwa jina, alichukua bikhuni kutoka Ceylon akawapeleka China mwaka 429, na kwa kuwa hawakutimia idadi ya kutoa daraja alileta wengine mwaka 433, akiwamo mmoja aitwaye Tessara. Na katika mji ambao leo ni Nanjing wanawake zaidi ya 300 wa Kichina walipokea daraja upya, safari hii mbele ya majilisi yote mawili. Tangu hapo silsila ya mabikhuni wa China haikukatika, ikafika Korea na Vietnam, na leo Taiwan ina mabikhuni wengi kuliko mabikhu.

Ceylon kwenyewe mambo yaliharibika. Karne ya kumi na moja majeshi ya Wachola kutoka kusini ya Bara Hindi yaliteka kisiwa, mahekalu yakabaki magofu, na mfalme Vijayabahu wa Kwanza alipowafukuza hakuona hata mabikhu watano wa kutosha kutoa daraja. Alifanya nini? Alituma ujumbe Burma, wakaletwa mabikhu, silsila ya wanaume ikaungwa. Ikadhoofika tena baadaye hata ikafa, na mfalme wa Kandy akatuma ujumbe Siam, ndiyo Thailand ya leo, wakaja mabikhu mwaka 1753 kwa merikebu za Waholanzi chini ya uongozi wa mzee Upali, na jamaa kubwa kuliko zote ya mabikhu wa Sri Lanka inajiita ya Siam mpaka sasa. Kwa wanawake hapakutumwa mtu. Ilisemwa tu kwamba silsila yao imekwisha, na jambo likafungwa kwa miaka 900 na zaidi.

Insafu yanidai niseme upande wa pili, maana wazee wa Thailand si wajinga. Wao hujibu kwamba kuwalinganisha wanaume na wanawake hapa ni makosa: Burma na Siam walikuwako mabikhu wa madhehebu yale yale, wenye kanuni zile zile, lakini mabikhuni wa Theravada hawakubaki popote, na wale wa China, hata kama asili yao ni Ceylon, kwa karne nyingi wamefuata kitabu cha madhehebu mengine, Dharmaguptaka, chenye kanuni 348 kwa mabikhuni badala ya 311. Hoja hii ina uzito. Aliyejaribu kuipima kwa makini ni Bhikkhu Bodhi, mzaliwa wa Brooklyn na mfasiri mashuhuri wa maandiko ya Kipali, naye akafikia kwamba ile amri ya awali, ya mabikhu kuwapokea wanawake peke yao pasipokuwa na mabikhuni, haikupata kufutwa kwa maneno yoyote, na kwamba hali ya leo ni kama ile ya mwanzo. Kwangu mimi hoja hii imekamilika, ingawa najua kwamba kwa mtu aliyezoea mlango kufungwa hata ufunguo huonekana ni hila ya mwizi.

Tena nchini Thailand mlango ulitiwa komeo la pili. Mwaka 1928, mwanasiasa machachari aitwaye Narin Phasit aliposababisha mabinti zake wawili, Sara na Chongdi, watawazwe pamoja na wengine, mkuu wa watawa wa nchi alitoa amri kwamba bikhu yeyote asimpe mwanamke daraja ya aina yoyote, na wasichana wale wakakamatwa na kuvuliwa majoho. Kwa hiyo mama mmoja wa Kithai, Voramai Kabilsingh, alipoitaka daraja ilimbidi aende Taiwan mwaka 1971. Na binti yake, Chatsumarn, aliyekuwa profesa katika Chuo Kikuu cha Thammasat, aliifuata Sri Lanka mwaka 2003, akaitwa Dhammananda. Aliweza kuipata Sri Lanka kwa sababu kule silsila ilikwisha kuungwa: wanawake kumi walipokea daraja Sarnath mwaka 1996 kwa msaada wa watawa wa Korea, wengine Bodh Gaya mwaka 1998 kwa msaada wa hekalu la Fo Guang Shan la Taiwan, na mwaka huo huo wazee wa Dambulla wakaanza kuitoa wenyewe kisiwani kwao.

Basi turudi Serpentine. Daraja ya wale wanne haikutolewa kiholela. Walitoka Dhammasara, nyumba ya watawa wa kike iliyo Gidgegannup upande wa pili wa Perth. Waliulizwa maswali yao kwanza na mabikhuni, mwalimu wao akiwa bikhuni wa Kimarekani aitwaye Tathaaloka. Kisha wakaletwa mbele ya mabikhu, likasomwa azimio mara moja na tangazo lake mara tatu, kama ifanywavyo tangu zama za kale, ambapo asiyeridhika hutakiwa aseme na anayeridhika hunyamaza. Walinyamaza wote. Ajahn Brahm ameeleza kwamba yeye pia hapo zamani aliamini kuwa jambo hili haliwezekani, kwa kuwa ndivyo alivyofundishwa, mpaka alipoingia kuvisoma vitabu vya kanuni mwenyewe. Na juu ya amri ya 1928 hoja yake ilikuwa kwamba sharia ya watawa wa Thailand haivuki mipaka ya Thailand.

Wazee wa Wat Pah Pong walimshutumu kwamba alificha, kwamba hakushauriana, kwamba mtoto aliyelelewa nyumbani hafanyi harusi bila kuwaarifu wazazi. Katika hili siwezi kusema hawana haki. Maisha ya bikhu yote ni maisha ya kuafikiana, na mambo yalifanywa kwa siri na kwa haraka kuliko ilivyostahili. Lakini hebu tazameni kilichokuwa kikiendelea Uingereza mwaka huo huo, katika monasteri za udugu ule ule za Amaravati na Chithurst, ambako mkuu wao, Ajahn Sumedho, tangu 1983 aliwawekea wanawake utaratibu wa amri kumi na joho la rangi ya kahawia: waliletewa nukta tano za kukubali, kwamba bikhu wa leo amtangulie mtawa wa kike wa siku nyingi kuliko wote, na kwamba daraja ya bikhuni wasiitazamie humo. Mwenye kuona jibu hilo limekwisha kutolewa upande mmoja wa bahari angekuwa na matumaini gani ya kuuliza upande wa pili? Naam, angeliweza kuuliza akakataliwa, kisha akaasi hadharani. Njia hiyo ingekuwa ya adabu zaidi, na wale wanawake wanne wangebaki walivyokuwa.

Yeye mwenyewe alilipa. Alipoteza nyumba ya mwalimu wake, jambo ambalo kwa mtu asiye na mke, mtoto wala mali si dogo, na mwaka 2014, alipoalikwa kuhutubia mkutano wa sikukuu ya Vesak ya Umoja wa Mataifa huko Vietnam, hotuba yake juu ya usawa wa wanawake na wanaume katika Theravada ilizuiwa muda mfupi kabla ya kusomwa. Bila shaka ilisomwa na watu wengi zaidi baada ya kuzuiwa.

Mwezi wa Juni mwaka 2022, katika milima ya Bhutan, ambako silsila ya mabikhuni haikupata kufika kabisa, Je Khenpo, mkuu wa dini wa ufalme ule, aliwapa daraja kamili wanawake 144, kwa mabikhu peke yao, kama ilivyofanywa hapo awali kabisa. Ajahn Brahm alikuwa na wazee wa kumwita. Je Khenpo hana. Thailand nako amri ya 1928 ingali hai. Mwanamke atakaye daraja hununua tiketi ya ndege ya kwenda Colombo, akaipokea huko, akarudi kwao, ambako daftari la serikali haliwezi kumwandika kuwa ni mtawa. Na asubuhi akitoka na bakuli, majirani zake humtilia wali bila kulitazama daftari.